Mpaka umepita mlangoni kwetu, hatukuonyeshwa

Siku nne nzima jirani yangu mjane amepigwa danadana akitafuta barua ya serikali ya mtaa. Anataka kufungua mirathi ya marehemu mumewe mahakama ya mwanzo. Muhtasari wa kikao cha ukoo anao, cheti cha kifo anacho, imebaki barua tu. Ofisi aliyoizoea miaka yote imemwambia, "Mama, wewe siku hizi uko ng'ambo ya mfereji, nenda mtaa mpya." Kaenda. Mtaa mpya wamefungua daftari, jina lake halimo, wakamrudisha kwa mjumbe wake wa zamani. Siku ya nne nilimsindikiza. Alikaa kwenye benchi pale nje akalia kama mtu aliyefiwa upya.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mtaa wetu umegawanywa. Mimi ninayeishi hapa tangu daladala zikiishia barabara kubwa.

Sipingi kugawanywa. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 5,383,728 Dar nzima, na wilaya ya Temeke peke yake 1,346,674. Hao wa Temeke walikuwa na wabunge wawili tu, wakati ukigawa Watanzania wote kwa majimbo 264 ya ubunge ya wakati ule unapata kama watu 234,000 kwa jimbo. Kwa hiyo Mei 2025, Tume ya Uchaguzi ilipotoa Chamazi ndani ya Mbagala na Kivule ndani ya Ukonga, Dar ikatoka majimbo 10 hadi 12, nilisema hata hayo ni machache. Mitaa nayo ni vilevile. Mwenyekiti mmoja hawezi kufika kwenye kila msiba na kila ugomvi wa ukuta. Haya nayakubali.

Ninachokikataa ni namna mpaka unavyopatikana. Kwenye karatasi njia ni nzuri: pendekezo linaanza kwenye mkutano wa mtaa, linapanda kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, ya mkoa, ndipo liende TAMISEMI, ofisi kuu ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Ngazi ya kwanza ndiyo yetu. Na ndiyo inayopitwa mbiombio.

Nimewauliza majirani watano waliohudhuria ule mkutano wa kugawa mtaa. Wote wanakumbuka mabishano ya jina, wengine wakitaka jina la mzee wa kwanza kuhamia, wengine jina la ule mwembe. Waliambiwa mkigawanywa mtapata zahanati yenu, wakanyoosha mikono. Nani asingenyoosha? Kuhusu mpaka, mmoja tu anakumbuka ilisemwa "utafuata mfereji." Mfereji upi? Huku tuna miwili, na mmoja ulihama njia na mvua za mwisho wa 2023, ukala choo cha watu na nusu ya uchochoro. Ukifuata njia ya zamani, yule mama yuko mtaa wa zamani. Ukifuata ya sasa, yuko mtaa mpya. Ndiyo maana ofisi zote mbili zinamkana, na kila moja inaamini iko sahihi.

Ramani haikuwepo. Muhtasari ukaandikwa wananchi wameridhia. Tumeridhia nini, jamani, ikiwa hakuna aliyetuonyesha mstari?

Na wala haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Mwaka 2022 tulipita zoezi la anwani za makazi, nyumba zikapewa namba, njia zikapewa majina. Kibao kimepigiliwa mlangoni kwa yule mama, nimekisoma kwa macho yangu. Tangazo la mpaka lingeweza kusema tu: njia hii, nyumba namba hii hadi hii, mtaa A, zilizobaki, mtaa B. Libandikwe kwenye ukuta wa ofisi, msikitini, kanisani na gengeni wiki mbili kabla ya mkutano. Mtu aje amejua anapigia mkono kitu gani.

Uchaguzi wa serikali za mitaa nao una orodha yake ya wapiga kura, mbali na Daftari la Kudumu la uchaguzi mkuu, na unajiandikisha unapoishi. Ukikosea upande wa mfereji, unauchagulia mtaa wa pili mwenyekiti, na wako anachaguliwa bila wewe.

Kwa majimbo ni zito zaidi. Katiba, ibara ya 74(12), inasema hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza jambo lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake. Jimbo likishachorwa, basi. Nafasi ya kusema ni kabla, mambo yakiwa bado huku chini, na sisi mikutano ya huku chini tunaiona ya kupoteza muda. Nami ni mkosaji hapa. Siku ya mkutano wetu nilikuwa nyumbani, nilisikia spika ikitangaza, sikutoka.

Juzi tumeandika barua kwa mtendaji wa kata kuomba mkutano mwingine, safari hii wenye ramani. Nyumba 17 zimesaini, kila moja na namba ya kibao chake. Nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Mama bado hajapata barua yake, na mirathi haijafunguliwa.