Kusawazisha picha si kuhifadhi nakala

Kwa mkazi wa mjini, faida ya kuweka picha mtandaoni haihitaji mtaalamu wa kuieleza. Simu huporwa. Dirisha la daladala liko wazi, mkono unapita, picha za miaka zimekwenda. Aliyewasha hifadhi ya Google Photos au iCloud ataingia kwenye akaunti yake kwa simu mpya na kuzikuta. Memori kadi haiwezi kushindana na hilo, hasa hizi za bei poa zinazojiandika GB 128 na kuanza kuharibu mafaili kabla hazijafika hata robo.

Wanaopinga hukimbilia bando. Hoja hiyo naiona nyepesi: unaweza kuiamuru programu ipakie kwa Wi-Fi tu, na usiiruhusu kugusa folda ya WhatsApp yenye maua ya “asubuhi njema” na kadi za michango.

Bei ina uzito zaidi. Google Photos ilipoanza Mei 2015, ilitoa hifadhi ya bure bila kikomo kwa aliyekubali picha zipunguzwe ubora kidogo. Tangu 1 Juni 2021 kila picha mpya inahesabiwa ndani ya GB 15 unazogawana na Gmail na Drive. Apple, wenye iCloud, ni wabahili zaidi, GB 5. Video ya kawaida hula megabaiti 100 hivi kwa dakika, kwa hiyo sendofu moja yatosha kukusukuma kwenye malipo ya kila mwezi. Siiti dhuluma, maana mitambo ina gharama, lakini ahadi ya bure ilishatuzoesha kutofuta chochote.

Kinachonitisha mimi ni kusawazisha kwenyewe, yaani simu na mtandao kufananishwa wakati wote. Wengi wanadhani wingu, yaani hifadhi hii ya mtandaoni, ni stoo, kwamba kilichoingia humo kimepona. Sivyo. Ukifuta picha kwenye iPhone iliyowashwa iCloud Photos, inafutika pia kwenye iPad na huko mtandaoni, na baada ya siku 30 haipatikani tena. Google huiweka kwenye pipa siku 60 kama ilishapakiwa. Sasa mfikirie kijana anayesafisha simu ya mama yake iliyojaa: anachagua picha mia kwa mpigo, anabonyeza alama ya pipa, nafasi inapatikana, mama anashukuru. Picha za msiba wa babu zimo humo, na hakuna atakayezitafuta mpaka arobaini ipite, pengine hata mwaka. Kitufe cha kuondoa kwenye simu tu zile zilizokwisha kupakiwa kipo kwenye Google Photos, ila kimejificha kwenye menyu.

Halafu kuna akaunti yenyewe. Mwaka 2022 New York Times liliandika habari za baba mmoja Marekani aliyempiga mwanawe picha za ugonjwa ili daktari azione. Mtambo wa Google ukazishuku kuwa za unyanyasaji wa watoto, akaunti ikafungwa. Polisi walimsafisha, akaunti hakurudishiwa.

Kwa hiyo wingu naliunga mkono kama nakala ya pili, ya kwanza ikiwa kwenye kompyuta au diski ya nje. Google Takeout, huduma ya kupakua data yako, hukupa picha zako zote, na unaweza kuipangia itoe nakala kila baada ya miezi miwili kwa mwaka mzima. Angalia tu mafaili ya JSON, yaani ya maandishi yenye maelezo ya kila picha, yanayokuja pembeni. Humo ndimo hukaa tarehe ulizorekebisha mwenyewe, na ukiyatupa, picha za zamani ulizoskani zitajipanga kana kwamba zimepigwa juzi.