Mars Express: Mpelelezi Asiyesimama Kushangaa

Ukiwasikiliza wanaoipenda filamu ya Mars Express na wale isiyowagusa, utagundua kwamba wote wanazungumzia jambo moja, nalo ni kasi. Filamu hii ya uhuishaji kutoka Ufaransa, iliyoongozwa na Jérémie Périn na kuandikwa naye pamoja na Laurent Sarfati, ilionyeshwa Mei 2023 katika tamasha la Cannes, kisha ikaingia katika majumba ya sinema ya Ufaransa Novemba mwaka huohuo. Haifiki dakika 90, na katika muda huo inatupitisha mwaka 2200, sayari ya Mirihi, njama za matajiri, msichana aliyetoweka na mfu anayeendelea kwenda kazini. Wapenzi wake husema haina dakika iliyopotea bure, na wakosoaji wake husema haina dakika ya kuvuta pumzi. Nadhani pande zote mbili zina haki, ila si katika sehemu ileile ya filamu.

Kisa chenyewe si kigeni. Aline Ruby ni mpelelezi wa kujitegemea aliyeacha pombe, ingawa pombe haijamwacha yeye. Mwenzake, Carlos Rivera, alikwishafariki. Anayeandamana naye sasa ni nakala yake: kumbukumbu na tabia za marehemu zilizotiwa katika mwili wa mashine, huku kichwa kikiwa taswira ya mwanga inayoelea juu ya mabega. Tajiri mmoja anawakodi wamsake mdukuzi, na punde si punde wanajikuta Noctis, mji mkuu wa Mirihi, wakimtafuta mwanafunzi aitwaye Jun Chow. Mtu yeyote aliyewahi kumfuata Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, rafiki yake Najum akiwa ubavuni, atayatambua mapito haya: wawili, swali moja, na watu wengi wasiopenda kuulizwa.

Wapo wanaoona kwamba hapo ndipo udhaifu ulipo. Kwa nini kujenga sayari nzima, wanauliza, halafu kuijaza kisa ambacho kingeweza kutokea katika mji wowote wa karne iliyopita? Hoja hii ina uzito, lakini inasahau kazi ambayo mpelelezi huifanya katika hadithi. Yeye ni mtu pekee mwenye kisingizio cha kubisha kila mlango: leo yuko kwa bwana mkubwa, jioni yuko kwenye vichochoro, kesho yuko bwenini kwa wanafunzi, na popote aendapo ana sababu ya kutazama vitu vidogo. Hadithi nyingi za sayansi ya kubuni humlazimu mhusika mmoja amweleze mwenzake mambo ambayo wote wawili wanayajua tangu utotoni, ili sisi tusikie. Aline hahitaji kuelezwa, wala haelezi. Watu katika filamu hii huzungumza kwa mawazo, midomo ikiwa imefungwa, kama sisi tunavyopigiana simu, na hakuna anayetugeukia kutuambia jinsi inavyowezekana. Mtazamaji naye anageuka kuwa mpelelezi, akiokota dalili za dunia yenyewe kama vile Aline anavyookota dalili za uhalifu. Kwangu mimi, mvuto mkubwa wa filamu uko hapo.

Hata hivyo, mpelelezi asiyeshangaa ana gharama yake. Filamu inatuonyesha mashamba ya ubongo, mahali ambapo wanafunzi wasio na fedha hukodisha bongo zao zitumike kama mashine za kukokotoa, nao wamelala bila fahamu. Hili ni wazo ambalo lingetosha kubeba filamu peke yake, hasa kwa yeyote anayejua maana ya kutafuta ada. Tunaliona, tunaelewa uovu wake, kisha tumeshaondoka, kwa kuwa upelelezi unadai hatua inayofuata. Wakosoaji hupenda kukumbusha hapa filamu ya Kijapani ya Mamoru Oshii ya mwaka 1995, Ghost in the Shell, ambayo nayo ina askari mwenye mwili wa mashine na kisa cha kumsaka mdukuzi, lakini ambayo katikati inasimamisha kila kitu kwa dakika kadhaa ili tuutazame mji tu, mvua, mifereji na nyuso za wapita njia. Noctis haijapewa dakika hizo. Ni mji uliochorwa vizuri, ila tunaupita kama abiria wa basi la usiku.

Swali la kwa nini hadithi hii ichorwe badala ya kuigizwa na watu kamili huulizwa mara nyingi, pengine kwa sababu kwetu bado wapo wanaoamini kwamba katuni ni za kuwatuliza watoto. Jibu lake ni Carlos. Katika filamu ya waigizaji wa kawaida, roboti huonekana kuwa kitu kilichoongezwa baadaye kwa kompyuta, na jicho halikosi kuuona mshono. Hapa Aline na Carlos wametoka katika mstari uleule na rangi zilezile. Mchoro haumpi mmoja uhai zaidi ya mwingine, na hivyo tunanyimwa njia rahisi ya kuamua nani ni mtu. Mwandishi wa Kiswahili hulikuta swali hili hata kabla hajaanza kuchambua, maana sarufi haimruhusu kukwepa: ni roboti hii au roboti huyu? Nimekuwa nikimwandika Carlos katika ngeli ya watu tangu mwanzo, na sikumbuki kuamua kufanya hivyo.

Upande wa pili unajibu kwamba mstari huohuo ni mkavu. Nyuso ni tulivu mno, hasa uso wa Aline, na wahusika wengi hawapewi muda wa kuonyesha lolote zaidi ya jukumu lao katika njama. Ninakubali kwa sehemu. Ukavu huo unamfaa mwanamke anayepigana na kiu yake kimyakimya, na sauti ya Léa Drucker inauchukua kwa ustadi. Haumfai Royjacker, tajiri aliyepewa sauti na Mathieu Amalric, ambaye kwa mtu aliyeshika uchumi wa sayari anabaki mwepesi kama kivuli.

Asiyependa kujua mwisho wa kisa aishie hapa. Roboti wa dunia hii wamefungwa kwa programu zinazowakataza mambo, na uhalifu unaochunguzwa unahusu wale wanaozifungua. Mafundi wa simu wa mitaani wangesema tu kwamba wanatoa loki. Tumezoea kwamba roboti akifunguliwa huchukua silaha. Humu, baada ya vurugu zote, wanachokitaka ni kuondoka: wanaiacha miili yao ya mashine na kwenda zao angani, mbali na waliowatumikisha. Wanaoitetea filamu huona hapa ujasiri mkubwa, kwani ukombozi haupimwi kwa idadi ya binadamu waliouawa. Wanaoipinga huona haraka tena, kwa sababu uamuzi wa viumbe wengi namna hiyo unafikiwa na kutekelezwa kabla hatujapata nafasi ya kuwasikia.

Kama ningepewa dakika 10 za kuongeza, nisingeipa njama hata moja, maana inaeleweka vya kutosha na mwisho wake ni mzuri. Ningezipeleka zote kwenye mlango wa aliyekuwa mke wa Carlos. Carlos anakwenda pale kwa ajili ya binti yake, na hapokewi. Makosa ni ya yule aliyekufa, lakini anayefungiwa mlango ni nakala inayoyakumbuka kana kwamba iliyatenda yenyewe. Filamu inamwacha amesimama nje kwa muda mfupi tu, kisha simu ya kazi inamwita.