Goli la 2019 bado linamuuma mzee wangu

Jana zamu ya jioni, hapa Espoo, Ufini, namkorogea uji mzee mmoja katika nyumba ya wazee ninayofanya kazi, akaanza tena habari ya lile goli. Ana miaka themanini na kitu. Majina ya wajukuu yanampotea, goli halimpotei. Akasogeza kikombe: hapa alisimama golikipa wa Marekani. Akaweka kijiko: huku alitokea Petra Nieminen. Kisha akapiga meza kwa kiganja mpaka uji ukamwagika. "Lilikuwa goli!"

Ni hoki ya barafu, mashindano ya dunia ya wanawake, fainali ya tarehe 14 Aprili 2019, hapahapa Espoo. Tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1990, fainali zote zilikuwa za Kanada na Marekani tu. Mwaka huo wa 2019 Wafini wakamtoa Kanada nusu fainali kwa 4-2. Fainali ikafika dakika 60 ni 1-1. Muda wa nyongeza, Nieminen akatia kambani, wasichana wakatupa magongo na glovu wakarukiana. Marefa wakaenda kuangalia video, zikapita dakika zaidi ya kumi, wakarudi wakalikataa: eti golikipa kabughudhiwa. Wakapigiana matuta, Marekani akabeba kombe.

Hoki sikuwa naijua kabisa. Kilichonishika ni hasira ya yule mzee. Mwanamume, kwa ajili ya timu ya wanawake, miaka yote hii.

Hasira hiyo naijua, nimekua nayo nyumba moja. Mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga. Coastal Union, timu yetu ya mpira ya Tanga, akifungwa uwanja wa Mkwakwani, baba hali, na sisi tunatembea kwa kunyata. Lakini nilicheza mpira pia, na fainali yetu ya wasichana tulifungwa 2-1 kwa goli la kuotea la wazi kabisa. Dakika zenyewe zilikatwa kwa sababu wavulana walikuwa wanasubiri uwanja wafanye mazoezi. Nikarudi goti limechubuka, damu imekauka kwenye soksi, nikapita vijiwe vitatu vya kahawa. Watu wananijua, wanaona jezi. Hakuna aliyeuliza matokeo. Nilitamani hata mmoja anitukane kwamba nilikosa goli nikiwa peke yangu na kipa, maana nilikosa kweli, na usiku ule nililia peke yangu.

Najua yanayokuja. "Bi dada kavuka maji, sasa anatufundisha." Sifundishi. Tanga ndiyo kwetu, na muhogo wa nazi wa mama sibadilishi na chochote cha huku. Wala huku si peponi. Mwaka 2017 wachezaji wa kike wa hoki wa Marekani, mabingwa wa dunia, walitishia kugomea mashindano nchini kwao wenyewe kwa ajili ya malipo na matunzo. Makubaliano yalipatikana siku chache kabla ya kuanza, wakaingia uwanjani, wakachukua ubingwa tena. Kwa hiyo msiniambie naona kila cha mzungu ni dhahabu.

Mtasema Wafini wana hela, wana viwanja vya ndani na mashine za kugandisha barafu. Sawa. Lakini kuumwa moyo kunahitaji mashine gani?

Julai 2025 Twiga Stars, timu ya taifa ya mpira ya wanawake wa Tanzania, walikuwa Moroko, fainali zao za kwanza za Afrika tangu 2010. Opa Clement akamfunga Afrika Kusini, bingwa mtetezi, mechi ikaisha 1-1. Nikampigia kaka yangu aliyeko Makorora, Tanga, sauti imenikauka kwa kushangilia. Akaniambia, "Kwani wamecheza leo, dada?" Huyu huyu anayekuhadithia Coastal ya 1988 ilivyochukua ubingwa kama vile alikuwa benchi, na mwaka huo hajazaliwa!

Nampenda kaka yangu, na yeye dada zake anawapenda. Twiga wakishinda atapiga makofi, atatuma picha yao kwenye simu. Mimi nataka wakifungwa akose usingizi. Nataka pale kijiweni kahawa ipoe watu wanabishana kwa nini beki hakumkaba mtu, refa atajwe kwa ubaya wiki nzima, binti wa Chumbageni apite na jezi aulizwe, "We, jana mlikuwaje?" kwa ukali uleule wanaoulizwa wa Coastal.

Nilipomaliza kufuta uji, nikamwonyesha mzee goli la Opa kwenye simu. Akavaa miwani, akaangalia mara mbili, akauliza imeishaje. Nikamwambia, 1-1, wakasawazisha. Akanitazama, uso umekunjamana.

"Mliachaje wasawazishe?"

Nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza kumweleza.