Lengo la umeme safi liandikwe kwenye sheria, lisibaki jukwaani

Wakenya tunaoishi jimbo la Minnesota, Marekani, hupenda kuwaambia wenyeji kwamba umeme wa kwetu ni safi kuliko wao. Ni kweli. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Huku bado wanachoma makaa ya mawe na gesi. Hata hivyo, ukiniuliza ahadi ya nani naiamini zaidi, nitakujibu ya Minnesota.

Sababu ni sheria. Februari 2023 Gavana Tim Walz alitia saini sheria inayozitaka kampuni za umeme zifikie asilimia 100 ya umeme usio na kaboni ifikapo 2040. Na 2040 haikuachwa peke yake huko mbali, ambako wengi waliopiga kura watakuwa wameshastaafu. Kampuni kubwa za kibiashara lazima zifike asilimia 80 mwaka 2030, kisha zote asilimia 90 mwaka 2035. Seneti iliipitisha kwa kura 34 dhidi ya 33, kwa hiyo asidhani mtu kwamba ilikuwa rahisi.

Kinachonivutia zaidi ni kazi inayofuata baada ya saini. Kampuni hupeleka mpango wake mbele ya tume ya huduma za umma mjini St. Paul: mtambo upi utafungwa, upepo kiasi gani utajengwa, gharama itakuwaje. Mwananchi yeyote anaweza kuusoma na kuandika maoni, nayo yakawekwa kwenye faili lile lile lenye hoja za mawakili wa kampuni. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku, sina wakili, na yangu yamo. Pale Becker, mji uliozoea kuishi kwa kodi ya kituo kikubwa cha makaa, mtambo mmoja kati ya mitatu ulizimwa mwisho wa 2023, na sasa paneli za jua zinapitisha umeme kwenye miundombinu ile ile. Sheria imeacha mlango pia: tume inaweza kuahirisha utekelezaji ikiwa umeme hautategemeka au bei itawaumiza watu. Wapo wanaouona huo ni udhaifu. Mimi naukubali, kwa sababu kampuni inayotaka kuchelewa itabidi iombe hadharani na ionyeshe hesabu zake.

Kwetu je? Uhuru Kenyatta alizungumzia umeme safi kwa asilimia 100 ifikapo 2020. Mwaka ukapita, na hakuna aliyeitwa kujieleza. Rais Ruto anasema 2030. Naiombea ahadi hiyo itimie, lakini Sheria ya Nishati ya 2019 haina tarehe hiyo. Na tusisahau Lamu. Serikali iliyokuwa ikijivunia Olkaria ndiyo iliyounga mkono mtambo wa makaa wa zaidi ya megawati 900 pwani. Leseni yake ilifutwa mwaka 2019 na baraza la kitaifa linaloamua kesi za mazingira, baada ya wakazi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Waliuzuia kwa jasho lao. Lengo lingekuwa sheria, wangekuwa na silaha tangu siku ya kwanza.

Kuna na jikoni. Kwa mama yangu Nyamira taa inawaka, lakini chini yake kuna mafiga na moshi wa kuni unaomfanya akohoe kila jioni. Lengo linalohesabu megawati tu halimfikii.

Sisi wa ughaibuni tunampigia kura rais pekee, mbunge hatuna. Ninyi mlioko nyumbani mnaye. Muulizeni kama atapeleka mswada wa kurekebisha Sheria ya Nishati: tarehe iandikwe, hatua za kati ziandikwe, upishi uingizwe, na mdhibiti wa nishati afike Bungeni kila mwaka kueleza tumefika wapi.