Mkazo wao uko mbele, wetu uko nyuma

Waliotutangulia Uholanzi wakikusimulia ugumu wa Kiholanzi, wengi huanza na ile "g" ya kukwaruza koo. Mimi naona "g" inaonewa. Watu wa kusini, kule Maastricht, huitamka laini na wanaeleweka. Kinachotuponza Waswahili ni mahali pa mkazo.

Sisi uzito tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho: NYUmba, kisha nyuMBAni. Mambo ya baraBAra na baRAbara ni machache. Kiholanzi hugandisha nomino mbili tatu bila nafasi, na kwa kawaida uzito hubaki kwenye neno la kwanza: ZIEkenhuis (hospitali), HUISarts (daktari wa familia), ZORGverzekering (bima ya afya). Ukilitamka "ziekenhuis" kwa kanuni ya kwetu, mkazo unaangukia "ken", silabi ambayo Mholanzi karibu anaimeza. "Fietspad", njia ya baiskeli, ndiyo balaa: ulimi wetu hautaki konsonanti zilizorundikana, unachomeka irabu, tunapata "fitisipadi" yenye uzito kwenye "pa". Msikilizaji anasubiri FIETS, haisikii.

Nyumbani mgeni akivuruga mkazo pale Kariakoo, muuzaji atamalizia mwenyewe, atacheka, na biashara itaendelea. Mholanzi si mkali, ila ana haraka ya kusaidia: anahamia Kiingereza hujafika mwisho wa sentensi, na anaamini amekutendea wema. Utajifunza lini sasa?

Na usidhani mkazo ni urembo tu. Chukua "massagebed". Kwenye karatasi neno ni moja, lakini masSAgebed ni kitanda cha kukandia mwili, na MASsagebed ni sala ya umati. Hata "valkuil" wenyewe hulitania: val-kuil ni shimo la mtego, valk-uil ingekuwa ndege nusu kipanga nusu bundi.

Sheria ya kuwajumuisha wahamiaji iliyoanza Januari 2022 inawataka wageni wengi wafikie kiwango cha B1, yaani ngazi ya kati ya kuimudu lugha. Sawa. Lakini ningekuwa mwalimu, wiki ya kwanza nisingegusa "g" kabisa. Ningeanza na hospitali, daktari na bima, darasa zima lipige kofi kwenye silabi ya kwanza. Wakaidi wasiofuata kanuni hiyo, kama stadHUIS (ofisi kuu ya mji), burgeMEESter (meya) na AmsterDAM yenyewe, wangesubiri wiki ya pili.