Mkitaka kuiga China, igeni ua wa Cha'er

Kuna video inazunguka kwenye magrupu tangu wiki iliyopita. Mtaa wa maduka Beijing, paa za vigae vya kijivu, taa nyekundu zinaning'inia, tramu ya kizamani inajikokota katikati ya watalii. Aliyeituma kwenye grupu letu ameandika kwamba wenzetu wametunza historia yao miaka na miaka, sisi Mji Mkongwe unatudondokea vichwani. Watu wamempigia makofi, na mmoja akapendekeza Wachina waitwe haraka waje watengeneze na kwetu.

Ndugu zangu, mtaa ule ni Qianmen. Nimeutembea kutoka juu hadi chini. Sehemu kubwa ya mnachokiona kwenye ile video ilijengwa upya na kufunguliwa Agosti 2008, siku moja kabla ya Olimpiki. Na ile tramu iliwekwa wakati huohuo. Yapo majengo machache ya kale yaliyobaki, sikatai, na lipo duka la bata wa kuchoma la Quanjude ambalo jina lake ni la 1864. Lakini mtaa ulivunjwa, ukainuliwa tena kwa sura ya picha za mwanzoni mwa karne iliyopita, kisha ukapangishwa kwa maduka ya nguo yale yale utakayoyakuta Dubai. Wengi waliokuwa wakiishi kwenye vichochoro vya nyuma walilipwa fidia na kupelekwa pembezoni mwa jiji. Mnachokisifia ni kazi ya bomoabomoa.

Nina hasira na jambo hili kwa sababu China yenyewe ina watu waliopigania kwa miaka mingi majengo ya kale yasibomolewe, na sisi tunaposambaza Qianmen kama mfano mwema tunawapita hao bila hata kuwatazama. Ua wa Cha'er, uwanja wa ndani wa nyumba za zamani pale Beijing, ni kazi ya mmoja wao, nitaufikia.

Tuanze na Liang Sicheng na mkewe Lin Huiyin, wasanifu na watafiti wa majengo ya kale. Hawa ndio waliozunguka vijijini miaka ya 1930, wakipanda juu ya boriti na kupima nguzo, wakati hakuna aliyekuwa akiyajali majengo hayo. Mwaka 1937, mkoani Shanxi, walilifikia hekalu la Foguang na kuthibitisha kwamba ukumbi wake mkuu wa mbao ulijengwa mwaka 857. Mwaka 1950 Liang na mwenzake Chen Zhanxiang walitoa pendekezo kwamba ofisi za serikali mpya zijengwe magharibi mwa mji wa kale, ili Beijing ya kuta na malango iachwe salama. Pendekezo lilikataliwa, na kuta za Beijing zikabomolewa. Na ile nyumba ya kichochoro cha Beizongbu, walimoishi wao wawili miaka ileile ya 1930? Mapema 2012, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, iliangushwa chini. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba ilibomolewa kwa ajili ya matengenezo. Nimeyasoma maelezo hayo mara nyingi na bado yananitia uchungu.

Mwaka huohuo wa 2012, msanifu Wang Shu alipewa Pritzker, tuzo kubwa ya dunia ya usanifu majengo, raia wa kwanza wa China kuipata. Alikuwa ameanzisha ofisi yake Hangzhou mwaka 1997 pamoja na mkewe, Lu Wenyu, ambaye kwa maoni yangu alistahili kutajwa kwenye tuzo ile sawa na mumewe. Nendeni Ningbo mkaone jumba lao la makumbusho la historia, lililokamilika 2008. Nilisimama chini ya ukuta wake nikiwa karibu kiasi cha kuugusa. Kuna tofali jekundu, juu yake safu za vigae vyembamba vya kijivu vilivyolazwa kama karatasi, kisha tofali jeusi lililomeguka pembe, kisha vigae tena, hakuna mistari miwili inayofanana. Vyote hivyo vilitoka kwenye vijiji vilivyobomolewa eneo lile. Ufundi wenyewe ni wa wenyeji, wa watu wa pwani inayopigwa na tufani, ambao nyumba ikianguka huokota kila kipande na kujenga upya kwa haraka. Palipobaki zege, limemwagwa juu ya mianzi na kubaki na alama za mianzi.

Ni ukuta mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona. Hata hivyo niliondoka pale nimenyong'onyea, kwa sababu vijiji havipo. Wenyeji wanaofika wanaweza kuyatambua matofali ya aina ya kwao, lakini hawawezi kurudi nyumbani. Nafikiri Wang Shu mwenyewe aliliona hilo, maana baadaye, alipoombwa kujenga majengo ya utamaduni ya Fuyang, alitoa sharti kwamba apewe na vijiji vya wilaya ile avikarabati. Ndivyo kijiji cha Wencun kilivyopata nyumba mpya zilizopenyezwa katikati ya zile za zamani, na watu wakiwa bado wanaishi humo.

Sasa nifike kwenye ua wa Cha'er, maana huo ndio ninaotaka muutume kwenye magrupu.

Uko Beijing, mtaa wa Dashilar, kilomita moja tu kutoka uwanja wa Tiananmen, kwenye kichochoro cha Cha'er nambari 8. Palikuwa hekalu, na kuanzia miaka ya 1950 pakakaliwa na familia kati ya nane na kumi na mbili. Kila familia ilijijengea jiko lake dogo uani, kibanda cha matofali kilichoegemezwa ukutani. Aliyekulia nyumba ya kupanga Magomeni au Buguruni hahitaji kuelezwa uani pa namna hiyo panafananaje: kamba za nguo, ndoo, baiskeli, na kila mtu anajua jirani anapika nini.

Mipango ya ukarabati iliyozoeleka huvifuta vibanda hivi kwanza. Huitwa uchafu, huitwa ujenzi holela, na ua unarudishwa "ulivyokuwa", yaani ulivyokuwa kabla ya watu waliopo. Msanifu Zhang Ke alikataa. Aliviona vibanda vile kuwa historia ya ua ule sawasawa na paa la hekalu, kwa sababu miaka sitini ya maisha ya watu ni historia. Chini ya paa la zamani akapachika maktaba ya watoto ya plaiwudi, mita tisa za mraba tu. Kibanda kimoja cha jiko, chini ya mti mkubwa, akakigeuza chumba cha sanaa cha mita sita za mraba kwa tofali la kijivu lilelile la Beijing, na nje yake akaweka ngazi ili mtoto apande juu ya paa hadi kwenye matawi. Watoto wa shule ya msingi ya jirani huenda kusoma na kuchora hapo, na wazee wenye ua wao wapo palepale. Kazi hiyo ndogo ilipata tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2016.

Mita tisa! Ingeenea kwenye sebule za wengi wetu. Lakini ndani ya mita hizo yamo yote ambayo Qianmen, pamoja na fedha zake zote, imeyakosa.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba nyumba hizo hazina vyoo, watu hutoka usiku wa baridi kali kwenda choo cha mtaa, na wako waliopokea fidia kwa furaha. Ni kweli, na nisingependa kumlazimisha bibi wa mtu aishi hivyo ili mimi nifurahie ua wake. Lakini choo kinaweza kuletwa ndani bila kumtoa bibi. Na hoja kwamba jengo la mbao lazima libadilishwe vipande naikubali pia: boriti ikioza fundi anaweka nyingine, jengo linaendelea. Kuvunja mtaa mzima kwa mpigo mmoja ni jambo jingine kabisa.

Serikali yao yenyewe imeanza kugeuka. Agosti 2021 wizara inayohusika na nyumba na miji ilitoa waraka: katika eneo linalofanyiwa ukarabati, sehemu inayobomolewa isizidi asilimia 20 ya majengo yaliyopo, na wakazi wanaopewa makazi palepale au jirani wasipungue asilimia 50. Ni hatua, na ningefurahi kuona mji wowote wa kwetu ukiandika sharti la namna hiyo. Ila nusu haitoshi. Kwenye ua wa Cha'er, nusu ni familia nne hadi sita, na waraka hausemi ni nani atakayezichagua.