Rolex yenye chumvi nyingi si "atrocity"

Inaniudhi sana jinsi neno la Kiingereza "atrocity", yaani ukatili wa kutisha, linavyotupwa ovyo hapa Kampala. Timu imefungwa mabao manne, "atrocity". Rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, imezidi chumvi, gauni la gomesi limeshonwa vibaya, barabara ina mashimo, neno ni lile lile! Ukiwauliza wanajibu kwamba hata Waingereza huita mvua na mwandiko mbaya "atrocious", neno la ukoo huo huo. Ni kweli, huita. Sasa?

Sisi Waganda tuna mauaji ya Atiak, kaskazini mwa nchi, ya Aprili 1995. Tuna Lukodi, ambako waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, waliua wanakijiji Mei 2004. Tuna Kichwamba, ambako mwaka 1998 waasi wengine, ADF, waliwachoma wanafunzi wa chuo ndani ya mabweni yaliyofungwa, halafu Juni 2023 wanafunzi wa Mpondwe, wilayani Kasese, nao wakauawa shuleni kwao usiku. Hayo ndiyo Umoja wa Mataifa unayoyataja kwa neno hilo: mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya ubinadamu. Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, alipatikana na hatia ya makosa 61 katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague mwaka 2021, na Lukodi ilikuwamo.

Halafu mtu anapiga kelele ndani ya teksi kwamba penalti iliyokoswa ni "atrocity", na kiti cha nyuma huenda amekaa mama aliyezika mwanawe. Jamani, semeni mlicheza vibaya. Semeni chakula hakiliki. Maneno ya kulalamikia mpira na chumvi tunayo tele.